Usukani Unapocheza: Mafundi wa Pikapu Kutoka Mwadui Hadi Geita

Gereji zote za Kahama, Katoro na Shinyanga mjini zinaijua pikapu ya namna hii. Inakwenda vizuri kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, gurudumu la mbele linakanyaga shimo, na papo hapo usukani unaanza kucheza kushoto kulia kwa nguvu ambayo mikono miwili haiizuii. Dashibodi inagonga, vioo vya pembeni havionyeshi kitu, mzigo nyuma unaruka. Dereva anaachia mafuta, anapunguza mwendo hadi karibu na kusimama, na gari linatulia ghafla. Anashuka, anazunguka mbele, anapiga teke tairi, haoni kasoro. Akiondoka linakwenda salama hadi shimo jingine.

Fundi mzoefu haanzi na spana. Anaanza na maswali. "Inaanza yenyewe au mpaka ikanyage shimo? Ukiongeza mwendo inaacha au inazidi? Ukishika breki je?" Majibu matatu hayo yanaweza kumwonyesha upande wa kutafuta kabla hajalala chini ya gari. Maswali hayo hayakuletwa na kitabu kimoja wala shule moja. Yametokana na almasi, pamba, vita, mpaka uliofungwa, na dhahabu, kwa zaidi ya miaka themanini.

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga, na kwa miongo mingi ndiyo iliyobeba mzigo mzito. Magari yalikuwa ya kuunganisha: pamba kutoka mashambani hadi viwanda vya kuchambulia, kutoka viwandani hadi stesheni. Msimu wa pamba ukipita, malori mengi yalipumzika. Kilichobadili mambo ni kazi isiyokuwa na msimu.

Tarehe 6 Machi 1940, mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua mwamba wenye almasi Mwadui, kaskazini mashariki mwa mji wa Shinyanga. Mwamba huo una eneo la hekta 146, mmoja wa mikubwa zaidi duniani kati ya ile iliyopata kuchimbwa. Pembeni yake ulijengwa mji mzima wenye hospitali, shule, umeme na kiwanja chake cha ndege. Mwaka 1947 mgodi ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, ambayo Williamson alimzawadia Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, kwa harusi yake. Habari ya almasi hiyo imeandikwa mara nyingi. Karakana zilizouwezesha mgodi kufanya kazi hazijaandikwa sana, nami naona hapo kuna upungufu, kwa kuwa mgodi wa wazi hauendi bila magari, na magari ya machimbo hayaendi bila mtu wa kuyafungua na kuyafunga.

Mwaka mmoja baada ya almasi ile, yaani 1948, Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Ulaya, na baada ya muda mfupi jina hilo likawa la kawaida katika Tanganyika: bwana shamba, mkuu wa wilaya, mpima ardhi, mgodi. Mbele yake palikuwa na ekseli moja nzima, kuanzia gurudumu la kushoto hadi la kulia, iliyofungwa kwenye springi bapa kwa yu-bolti. Gurudumu liligeuka juu ya kingpini, na kingpini ilikaa ndani ya bakuli la chuma lililojazwa oili. Ni muundo mgumu, rahisi kueleweka, unaovumilia mizigo. Lakini una ugonjwa wake.

Gurudumu linalozunguka kwa kasi hukataa kulazwa upande. Ukilinyanyua ghafla upande mmoja, lenyewe hujibu kwa kutaka kugeuka. Katika ekseli moja nzima, gurudumu la kulia likipanda juu ya jiwe, ekseli yote inainama, na magurudumu yote mawili yanasukumwa kugeuka kwa pamoja. Usukani unayarudisha, yanapitiliza katikati, yanarudi tena. Sehemu zote zikiwa zimekaza, mtikisiko huo hufa baada ya mara moja au mbili. Pakiwa na nafasi hata ndogo kwenye kingpini, kwenye tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele) au kwenye bushi, kila safari ya kwenda na kurudi inaiongezea nguvu inayofuata, na gari linatetema hadi mwendo upungue.

Wahandisi wa Ulaya na Marekani walihangaika na jambo hili miaka ya 1920, magari yalipoanza kufungwa breki za mbele na matairi laini yenye upepo mdogo. Mfaransa Broulhiet aliliandikia uchambuzi mwaka 1925. Ilipofika 1934, kampuni ya General Motors, kwa kazi ya mhandisi Mwingereza Maurice Olley, ilikuwa imeanza kuuza magari ambayo kila gurudumu la mbele lina mkono wake peke yake, na mtetemo ule wa magurudumu mawili kuambukizana ukawa umekatwa njia. Magari ya mjini yakaachana na ekseli nzima. Magari ya kazi, ya jeshi na ya porini yakabaki nayo kwa sababu ya ugumu wake. Kwa hiyo ugonjwa ambao dereva wa Detroit aliusahau kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ulihamia Shinyanga na kukaa.

Na barabara ziliulisha. Dereva aliyepita kutoka Kahama kwenda Kakola wakati ilipokuwa changarawe tupu anaijua mikunjo ya barabara iliyolala kama bati la nyumba. Wengi huamini inaletwa na malori mazito au na mvua. Mwaka 1963 mwanafizikia Keith Mather alieleza majaribio aliyofanya Australia kwa gurudumu dogo lililozungushwa juu ya mchanga: mikunjo ilijitokeza yenyewe mara mwendo ulipovuka kiwango fulani. Gurudumu linaruka kidogo, linatua, linachimba, linasukuma mchanga mbele, na linalofuata linarukia palepale. Barabara inavunja gari, na gari linaitengeneza barabara ya kulivunja.

Udongo nao una mchango wake. Wasukuma wana majina yao ya kuutambua: luseni ni mchanga mwepesi, mbuga ni ule mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi. Gari likipita kwenye mbuga iliyolowa, tope huingia upande wa ndani wa rimu na kukauka humo. Kilo moja ya udongo upande mmoja wa rimu inatosha kabisa kuutikisa usukani, na gereji nyingi hupokea magari ya aina hii mvua zikianza. Dawa yake ni maji na kijiti. Fundi mwaminifu hukwangua tope kwanza, kisha humwambia mwenye gari akalijaribu kabla ya kulipa chochote.

Miaka iliyowafunza mafundi kazi hii hasa ilikuwa migumu. Mapema mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Haukufunguliwa tena rasmi hadi mwishoni mwa 1983. Kwa watu wa kanda ya Ziwa, ambao Kisumu na Nairobi zilikuwa karibu nao kibiashara, njia ya vipuri ilikatika. Mwaka 1978 vita dhidi ya Idi Amin vilianza, magari ya watu binafsi na ya mashirika yakachukuliwa kwenda kubeba askari na mizigo Kagera, na mengi yaliporudi hayakuwa yale yaliyoondoka. Baada ya vita hapakuwa na fedha za kigeni. Mwaka 1983 Serikali ikaendesha msako wa wahujumu uchumi, na vipuri vya magari vilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizofichwa na kutafutwa.

Fundi wa Shinyanga wakati huo hakuwa na uwezo wa kusema, "Nunua bushi zote za mbele, tairodi zote, beringi zote, tutabadilisha." Hazikuwapo. Ilimlazimu ajue kwa hakika ni ipi moja iliyokwisha. Bushi ya mpira ilichongwa kutoka kwenye tairi kuukuu, ikakatwa kwa kisu kilicholowekwa maji ya sabuni, ikapigwa nyundo hadi ikae. Bushi ya shaba ilikerezwa kwenye mashine ya mtu aliyekuwa nayo, mara nyingi karakana ya kiwanda cha pamba, ya mgodi au ya misheni. Jani la springi lililovunjika lilibadilishwa kwa jani la gari jingine, likakatwa na kukunjwa motoni. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lilikuwa na lengo la kukuza uhunzi na ufundi wa namna hiyo mikoani.

Hapa ndipo ninapoona asili ya ujuzi wenyewe. Uhaba ulimfundisha fundi kutafuta. Mahali penye vipuri tele, mtu anaweza kubadilisha vitu vitano na ugonjwa ukaisha bila yeye kujua kipi kilikuwa kibovu. Asiye na kipuri hata kimoja lazima aguse, asikilize, apime, alinganishe kushoto na kulia, kabla ya kumwambia mwenye gari apande treni kwenda Dar es Salaam kutafuta kitu kimoja.

Si kila kilichotoka katika miaka ile kinafaa kusifiwa. Kugonga kichwa cha tairodi kwa nyundo ili kikaze, au kukichomelea, kulizaliwa na shida, na kuna gereji ambazo zinaendelea nako hadi leo wakati kipuri kinauzwa dukani ng'ambo ya barabara. Tairodi iliyochomelewa ikikatika, gurudumu moja linakwenda kulia na jingine kushoto.

Kuanzia 1984 Serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na pikapu za Kijapani zikaanza kumiminika. Novemba mwaka huohuo Toyota ilitoa Land Cruiser za mfululizo wa 70, mrithi wa zile za 40 ambazo tayari zilikuwa zinajulikana. Ile yenye bomba la hewa lililopanda hadi juu ya paa watu waliipa jina la mkonga. Mbele yake palikuwa na mambo yaleyale: ekseli nzima, springi bapa, kingpini. Fundi wa Land Rover hakuanza moja. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba kingpini ya Toyota inakaa juu ya beringi mbili za mviringo, moja juu na moja chini, na ukazaji wake unapangwa kwa shimu, vibati vyembamba vya chuma. Kipimo chake ni mizani ya springi kama ya kupimia nyama: inafungwa kwenye mkono wa usukani, inavutwa, na fundi anasoma ni kilo ngapi zinahitajika ili bakuli lianze kugeuka. Likigeuka kwa kuvutwa na kidole tu, shimu zinapunguzwa. Beringi zikiwa zimeliwa na vumbi lililopita kwenye sili iliyochakaa, hakuna shimu itakayosaidia.

Kisha dhahabu. Geita haikuwa mgeni wa dhahabu, kwani Wajerumani waliiona huko mwaka 1898, na mgodi wa chini ya ardhi ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Lakini magari mengi yalikuja na wimbi la miaka ya 1990. Wachimbaji wadogo walijaa Bulyanhulu, Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu, na waliondolewa Bulyanhulu mwaka 1996. Sheria mpya ya madini ilipitishwa 1998. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009. Kila mgodi ulihitaji pikapu nyingi za kazi, na karibu zote zilikuwa mkonga.

Migodi hiyo ilikuja na utaratibu wake. Dereva hawashi gari kabla ya kulikagua na kujaza fomu, na gari lenye usukani unaocheza halitoki getini. Vijana waliopitia karakana za migodi, wakamaliza mikataba yao na kufungua gereji Kahama au Geita mjini, walitoka na mazoea hayo. Magari nayo yalitoka. Pikapu iliyomaliza muda wake mgodini huuzwa, na maisha yake ya pili huwa mazito kuliko ya kwanza: kubeba viroba vya mawe kutoka kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, hadi kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, kubeba matimba, kubeba mapipa ya maji, na jioni watu kumi na zaidi.

Wakati huohuo muundo ulibadilika. Kuanzia mwaka 1999 pikapu ya mfululizo wa 70 iliwekewa springi za kuzunguka mbele, badala ya bapa. Gari likawa laini zaidi, lakini ekseli ikabaki nzima, na sasa ilihitaji fimbo ndefu ya kuizuia isihame kushoto wala kulia. Mafundi wanaiita panhadi. Bushi zake mbili zikawa mahali papya pa ugonjwa wa zamani, na palichukua muda kujulikana, maana ukilinyanyua gari kwa jeki na kulitikisa gurudumu, panhadi haionyeshi kitu.

Namna ya kuikamata inafaa kutazamwa kwa karibu. Gari linaachwa chini, magurudumu yote yakiwa yamebeba uzito wake. Injini inawashwa. Mtu mmoja anakaa kwenye usukani na kuuzungusha kidogo tu, kushoto kulia, kushoto kulia, bila kuchoka. Fundi amelala chini, kiganja chake kimeshika mwisho wa panhadi pale inapoungana na chesesi. Haangalii. Anasikiliza kwa mkono. Bushi ikiwa nzima, chuma na chesesi vinatembea kama kitu kimoja. Ikiwa imekwisha, kuna mguso mdogo, chuma kinatangulia na chesesi inafuata. Anahamia upande wa pili, kisha kwenye tairodi, moja baada ya nyingine, kisha kwenye stelingi boksi kuona kama bolti zake zimelegea.

Ndipo jeki inapokuja. Gurudumu linashikwa juu na chini na kutikiswa. Likicheza, msaidizi anakanyaga breki na kuishikilia, na fundi anatikisa tena. Uchezaji ukiisha, kasoro ni beringi za gurudumu, kwa sababu breki imeunganisha habu na ekseli. Ukibaki, ni kingpini. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote cha kununua.

Vingine vinajieleza vyenyewe kwa yale maswali ya mwanzo. Mtetemo unaokuja polepole kwenye kilometa 80 au 90 kwa saa bila shimo, na kupungua mwendo ukizidi, ni wa tairi au rimu: balansi, tope, rimu iliyopinda, tairi lililovimba. Unaokuja wakati wa breki ni wa diski au dramu. Ule unaoanzishwa na shimo na kukataa kuisha ndio wa nafasi kwenye viungio. Na gari lililonyanyuliwa mbele kwa springi ndefu ili lipite kwenye tope linaweza kutetema hata kama vipuri vyote ni vipya, kwa sababu ekseli imezunguka kidogo na kingpini haziegemei tena nyuma inavyotakiwa, hivyo usukani umepoteza nguvu ya kujirudisha katikati.

Kuna njia ya mkato iliyoenea katika miji hii, nayo inafanya madhara. Ni kubadilisha damperi ya usukani, ile shokapu ndogo iliyolala mbele ya ekseli. Damperi mpya hunyamazisha mtetemo siku hiyohiyo, mteja anafurahi, analipa. Panhadi au kingpini iliyokwisha inaendelea kuliwa chini kwa chini, na dereva amenyang'anywa onyo pekee alilokuwa nalo. Damperi inapokwisha nayo baada ya miezi michache, mtetemo unarudi ukiwa mkubwa zaidi, na mara nyingi kwa mwendo wa kasi zaidi.

Kasi yenyewe imepanda. Lami imefika mahali palipokuwa changarawe, na daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilometa 3, lilifunguliwa mwaka 2025 na kuwaondolea wasafiri wa Mwanza na Geita foleni ya kivuko. Pikapu ileile yenye miaka ishirini na zaidi, iliyokuwa ikitembea kilometa 50 kwa saa kwenye mikunjo, leo inakimbia 100. Kasoro iliyokuwa usumbufu imekuwa hatari ya maisha.

VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina mpango wa kupima na kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunza kazini bila kupita darasani. Mafundi wa Kahama, Katoro na Shinyanga waliojifunza kusikiliza bushi kwa kiganja wanastahili kupitia mpango huo kwa wingi, na walimu wa vyuo wafike kwenye gereji hizo waandike hatua zao wakati waliofanya kazi miaka ya uhaba wangali hai. Kwa mwenye pikapu, ombi ni dogo: mwambie fundi wako aanze na matairi, akuonyeshe kwa jaribio kipuri kilichokwisha kabla hujakinunua, na ukisikia damperi inatajwa kabla gari halijaguswa, lipeleke gari kwa fundi mwingine.